Usimtumie mzee wa Kirumba fomu ya maswali sitini

(Haya niliyaongea mbele ya vijana wanaotengeneza websaiti na kufanya SEO, yani kuifanya websaiti ionekane juu kwenye Google, hapa Mwanza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, nimepunguza tu vicheko na ile sehemu umeme ulipokata.)

Mwangaluka jamani. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Mada niliyopewa ni dodoso, yani yale maswali unayomuuliza mteja kabla hujagusa websaiti yake. Najua wengine mmeshaanza kusinzia maana mlitaka tuongelee linki, yani websaiti nyingine zinazoielekeza kwako, na jinsi ya kupanda Google, subirini kidogo, maana kazi nyingi za SEO mjini hapa zinaharibika wiki ya kwanza kabla hata hakijabadilishwa kitu, na zinaharibikia hapa hapa kwenye maswali.

Ile fomu mnayo wengi. Mmeipakua mtandaoni, ya Wamarekani, kurasa nane, maswali sitini, inamtaka mteja ataje washindani wake watano na udhaifu wa kila mmoja, inamtaka aeleze sauti ya brandi yake kwa maneno matatu, mnabandika logo yenu juu mnatuma PDF kwa WhatsApp alafu mnasubiri. Sasa fikiria mzee ana duka la nyavu na injini za boti pale Kirumba, anafungua hiyo PDF kwenye simu, herufi hazisomeki, wateja wamesimama mlangoni wanauliza bei ya kamba, anakujibu "sawa kijana nitaijaza jioni". Hiyo jioni haifiki. Na wewe unaenda kusema wateja wa Mwanza hawako siriasi. Wako siriasi sana, tatizo umempa kazi yako aifanye yeye.

Kwa hiyo msimamo wangu ndo huu na nitauzungukia mpaka mchoke: dodoso anajaza fundi, hajazi mteja. Mteja anaongea, wewe unaandika. Nusu ya maswali unayajibu mwenyewe kabla hujamuona, nusu nyingine mnakaa naye dukani, au unampigia, au unamwambia atume voisi, watu wetu wanaongea vizuri kwa voisi kuliko watakavyowahi kuandika.

Tuanze na hiyo nusu yako. Kitu chochote unachoweza kukitafuta mwenyewe usimuulize mtu. Usimuulize websaiti yake ina kurasa ngapi, andika site: alafu domeini yake (jina la websaiti, kama duka.co.tz) kwenye Google uone nini kimeingia, haitakupa hesabu kamili lakini itakuonyesha kama kuna uchafu, wakati mwingine unakuta kurasa za kamari za Kichina ndani ya websaiti ya shule, hapo ujue imedukuliwa na mwenyewe hana habari. Fungua Wayback Machine, ile hifadhi ya websaiti za zamani, uone hiyo domeini ilikuwa ya nani miaka ya nyuma. Angalia robots.txt, faili linaloiambia Google nini isome na nini isisome, kuna websaiti nimezikuta fundi alizifungia Google zisisomwe wakati wa kutengeneza, akamaliza, akalipwa, akasahau kufungua, na mwenye mali analalamika hapati wateja. Ifungue kwenye simu ya kawaida kwa bando la kawaida, sio kwenye laptop yako yenye waifai ya ofisi, maana Google wenyewe wanaisoma websaiti kama inavyoonekana kwenye simu, na mteja wa mteja wako yuko kwenye daladala ya Buzuruga.

Alafu tafuta jina la biashara kwenye ramani ya Google. Hapo utakuta vituko. Pini iko katikati ya ziwa, namba ya simu ni ya mfanyakazi aliyeondoka, kuna kurasa mbili za duka moja, moja imeandikwa "limefungwa kabisa". Unaandika yote hayo. Ukienda kukaa na mteja unaenda na hivyo mkononi, na hapo heshima inakuja yenyewe kwa sababu ameona umeshafanya kazi.

Sasa kwa mteja. Na hapa nataka tukae kidogo.

Swali la kwanza watu wanauliza "unataka uonekane kwa maneno gani?" Mi silipendi hilo swali likiwa la kwanza. Mteja atakwambia neno kubwa, "samaki", "hoteli Mwanza", "usafiri", kwa sababu ndo maneno yanayopendeza. Anza na hela. Lakini hela yenyewe huwezi kumuuliza mtu mzima wa Kisukuma aliyekuzidi miaka thelathini eti "mzee unaingiza shilingi ngapi kwa mwezi", atakuona umetumwa na watu wa kodi. Unapitia mlango mwingine. Unamuuliza, "Mzee, mzigo gani ukiisha stoo unaumia zaidi?" Hilo swali moja nalipenda kuliko kurasa nne za ile PDF. Atakwambia bila kujiuliza. Atasema nyavu zinauzika kila siku lakini faida ni ndogo, ila spea za injini ndo zinazomlipia ada za watoto. Basi umeshajua kurasa za kuanzia ni za spea, hata kama yeye alikuita akisema anataka "nyavu" iwe namba moja.

Linalofuata, mteja mmoja ana thamani gani kwake. Chukua watu wawili. Mmoja anauza chakula pale mjini, sahani moja, mteja anakula anaondoka, anahitaji watu wengi na wa karibu, kwa hiyo kazi yake kubwa iko kwenye ramani na picha na rivyuu (maoni ya wateja), websaiti ndefu yenye makala hamsini haimsaidii sana. Mwingine yuko Ilemela anasambaza vifaa kwa wachimbaji wa Geita, huyu akipata wateja watatu kwa mwaka maisha yamebadilika, na hao watatu ni maafisa manunuzi, wanaandika jina la kifaa na namba ya modeli, wanatafuta kwa Kiingereza, wanataka kuona cheti na kiasi kilichopo stoo. Ukiwapa hawa wawili dodoso moja na ripoti moja ya "trafiki imepanda" utakuwa umemdanganya mmoja wao, labda wote.

Muulize pia wateja wanampataje sasa hivi. Sio kwa nadharia. Mwambie, "mama, hawa watano wa mwisho walionunua, wamekujuaje?" Atahesabu kwa vidole, wawili waliletwa na ndugu, mmoja aliona bango, wawili Instagram. Kama hakuna hata mmoja wa Google unaandika hivyo, ndo msingi wako wa kupimia baadaye, maana bila hicho miezi sita ikipita mtabishana nani kaleta nini. Na mwambie kuanzia kesho awe na daftari pembeni ya simu, kila anayepiga amuulize umetuona wapi. Daftari hilo linashinda deshibodi nyingi, kwa sababu biashara zetu zinafungwa kwa simu na WhatsApp, na Analytics, ile ya Google ya kuhesabu wanaoingia kwenye websaiti, haioni mtu aliyenakili namba akapiga.

Kuna swali la uwezo ambalo fomu za watu wa nje hazina kabisa. Nikikuletea oda mara tatu ya hizi, utaziweza? Mtu wa dagaa wa Ukerewe au wa Mwaloni anajua mbalamwezi ikiwaka dagaa hawapatikani kama kwenye giza, taa za wavuvi hazivuti kitu, kwa hiyo mzigo unapungua na bei inapanda. Wewe hujauliza, umempandishia websaiti, mteja wa Lubumbashi kapiga anataka tani kumi wiki ile ile ya mbalamwezi, mzee anamkatalia, na huyo mteja harudi. Kumbe ukurasa ungeandikwa vizuri, oda kubwa zipangwe mapema, kiwango cha chini ni hiki, mzigo mkavu uko kiasi hiki. Hiyo ni SEO pia, msinibishie.

Msimu hivyo hivyo. Kuna lodge na watu wa safari za watalii upande wetu huu wanaouza Serengeti ya magharibi, kule geti la Ndabaka, nyumbu kwa kawaida wanapita ukanda wa mto Grumeti kwenye Mei, Juni mpaka Julai. Mwenye lodge anakuja kwako mwezi wa nne anataka "high season" hii hii ajae. Google wenyewe kwenye maelekezo yao ya kuajiri mtu wa SEO wanasema mara nyingi inachukua miezi minne hadi mwaka kuanza kuona faida, kwa hiyo usipomuuliza msimu wako ni lini utakubali kazi ambayo kalenda imeshaikataa. Mwambie ukweli, mwaka huu tumia matangazo ya kulipia, SEO tunajenga ya mwakani.

Kuhusu maneno sasa. Usimwombe orodha ya maneno, mwombe akuonyeshe meseji. Kweli kabisa. Mwambie afungue WhatsApp Business yake akusomee wateja wanavyouliza. Utasikia "gesti ya elfu ishirini karibu na Bugando", "mabondo bei gani leo", "mnaleta mpaka Sengerema?" Hizo ndo kurasa zako, zimeandikwa tayari na wateja bure. Muulize na lugha, wanaomletea hela wanaandika Kiswahili au Kingereza, usije ukamtengenezea mtu wa gesti websaiti ya Kiingereza tupu kwa sababu tu template ilikuja hivyo.

Na muulize nini kimebadilika kwenye biashara ambacho websaiti haijui. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, na bado kuna kurasa zinamwelekeza mgeni akapange foleni ya kivuko. Wengine walikuwa na zile websaiti za bure zilizokuja na ukurasa wa Google wa biashara, Google walizifunga Machi 2024, na anuani yake bado iko kwenye bizinesi kadi na kwenye bango la mlangoni. Mteja hatakwambia kwa sababu hajui kama ni tatizo.

Haya, sehemu inayoniumiza roho: nani anamiliki nini.

Domeini iko kwa jina la nani? Imelipiwa na imeili ya nani? Hostingi, pale websaiti inapohifadhiwa, iko wapi na inaisha lini? Search Console, ile ya Google inayoonyesha websaiti inavyoonekana kwenye utafutaji, ipo, na kama ipo nani ni mwenyewe? Ukurasa wa ramani uko kwenye imeili gani? Haya muulize moja moja na usikubali jibu la "vyote viko sawa". Asilimia kubwa utasikia "aah vyote anavyo yule kijana aliyetutengenezea, alihamia Dar". Hapo simama. Usitoe kwotesheni, usiahidi tarehe, mpaka mjue huyo kijana anapatikana. Kama domeini yake ya .co.tz imesajiliwa kwa jina la fundi na sio la kampuni, kazi yako ya kwanza sio SEO, ni kumrudishia mtu mali yake, na hiyo ina bei yake na muda wake. Ukurasa wa ramani unaweza kuomba umiliki kwa Google wenyewe, Search Console unaweza kuthibitisha upya ukipata njia ya kuingia kwenye DNS, yani mipangilio ya domeini, na kuweka rekodi ya TXT, ka-maandishi ka uthibitisho, lakini domeini iliyoko kwa mtu aliyekasirika kwa sababu hakumaliziwa hela yake, hiyo ni kesi ya wazee kukaa chini.

Na tafadhali, usiombe paswedi. Kwenye dodoso langu hakuna kabisa nafasi ya paswedi. Search Console inakuruhusu uongezwe kama mtumiaji, Analytics hivyo hivyo, ukurasa wa biashara unaongezwa kama meneja, na mkiachana anakutoa kwa kubonyeza mara moja. Ukishika paswedi za watu kwenye Excel, siku kitu kikipotea wewe ndo wa kwanza kuulizwa. Alafu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo hata ile skrinshoti ya meseji za wateja uliyosomewa, usiibebe na namba za watu. Andika swali walilouliza, acha jina.

Kitu kingine kwenye ufikiaji, yani ruhusa za kuingia, muulize Search Console iliwekwa lini, kwa sababu inatunza data ya miezi 16 tu. Kama haijawekwa iweke siku hiyo hiyo hata kama hamjakubaliana bei, haimgharimu kitu, na mwezi ujao mtakuwa na cha kuangalia. Anayekwambia "data zetu zote za miaka kumi ziko Analytics", ile Analytics ya zamani iliacha kupokea data Julai 2023, kama hakuhamia toleo jipya, GA4, na hakupakua chochote basi ile historia imekwenda.

Historia ya kazi zilizopita. Hapa uliza kwa upole, maana mtu anaona aibu kusema aliliwa. "Kuna mtu alishawahi kukufanyia hii kazi? Alikuletea ripoti? Ninaweza kuziona?" Kama ripoti inasema "linki 5,000 kwa mwezi" ujue ni za kununua. Google walianza kuzibana linki za kununua kwa nguvu na Penguin, badiliko la mfumo wao wa kupanga matokeo, mwaka 2012, siku hizi nyingi wanazipuuza tu, ila kuna adhabu za mkono, zinazotolewa na mtu wa Google na sio mashine, ambazo zinaonekana ndani ya Search Console, ndo maana ufikiaji unatangulia. Na rivyuu pia, muulize kama kuna mtu aliwahi kumuuzia rivyuu. Ni kinyume cha sheria za Google, na zikifutwa zote kwa mkupuo atakuja kukulaumu wewe uliyeko.

Anuani, fupi. Watu wetu ukiuliza anuani wanakupa S.L.P. Google hawakubali sanduku la posta kama mahali pa biashara. Uliza mtaa, uliza jengo, uliza "mtu akishuka stendi ya Nyegezi anakujaje", andika kama anavyosema. Kama anafanyia kazi nyumbani na anawafuata wateja, kuna namna ya kuficha anuani na kutaja maeneo anayofika. Namba ya simu iwe moja kila mahali, sio ya 028 kwenye websaiti ambayo haijapokelewa tangu zamani na nyingine Instagram na ya tatu kwenye bango. Na jina liwe lile la kwenye leseni na bango, mteja akikwambia umuongezee "bei nafuu Mwanza mjini" kwenye jina la ramani mkatalie.

Matarajio na bajeti unauliza mwishoni lakini lazima uulize. "Ukisema kazi imefanikiwa unamaanisha nini?" Akisema namba moja Google, mwambie Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja, anayekuahidi mkimbie. Muulize tena mpaka atoe kitu cha kuhesabika, simu kumi za spea kwa wiki, vyumba vinne vya katikati ya wiki. Na nani anaidhinisha maandishi? Kwenye biashara za familia anayekuita sio anayelipa, mtoto wa chuo pale SAUT ndo anakuita na mama ndo ana hela na mjomba ndo anasema rangi hii siipendi. Jua mapema. Nani atapiga picha, nani atajibu meseji zikija usiku, maana simu ikiita bila kupokelewa hakuna SEO itakayoziba hapo.

Ukimaliza, nenda nyumbani andika ukurasa mmoja tu kwa Kiswahili cha kawaida, umrudishie: mzee, nimeelewa unauza hiki, kinacholipa ni hiki, wateja wako wako hapa, vitu vyako viko kwa mikono ya hawa, unataka hivi kufikia mwezi huu, na hivi siwezi. Mwambie akijibu "sawa" kwa meseji ndo tunaanza. Hiyo "sawa" itakuokoa siku ya ubishi.

Maswali yalikuwa mengi, naweka mawili. Kaka mmoja aliuliza, mteja akigoma kabisa kuongelea mauzo? Nikamwambia muache, mpe ngazi, anauza kidogo, wastani, sana, bidhaa kwa bidhaa, mtu akishaona hutaki namba zake anafunguka mwenyewe. Dada aliyekaa nyuma akauliza kama kikao hiki kinalipiwa. Cha kwanza cha kwenye simu bure, dakika ishirini basi. Cha kukaa na kuchimba, ukiondoka umempa ule ukurasa mmoja, kinalipiwa, na akiendelea na wewe unamkatia kwenye bei ya kazi. Asipoendelea ule ukurasa ni wake, akampe fundi mwingine, na huyo fundi mwingine mara nyingi anakupigia wewe kuuliza domeini ilipatikanaje.